Kiboko Aliyeiimbia Simu kwa Pua

Masikio yapo?

Yapo.

Yamefunguka?

Yamefunguka.

Basi yashikilieni vizuri, maana namtia humo Kiboko, na Kiboko ni mzito.

Kulikuwa na mto uitwao Mseleka. Mvua zikinyesha, Mseleka ni mto. Mvua zikikatika, Mseleka ni mchanga. Mwaka ninaousema mvua zilikatika mapema, mchanga ukatanda kutoka kona hadi kona, na upande ule maji yakabaki mahali pamoja tu, kwenye dimbwi lililo chini ya Kilima cha Ndago. Ndani ya dimbwi hilo alikuwamo Kiboko.

Juu ya kilima, katikati ya mawe, alikaa Pimbi na wanawe wawili, Nafuu na Tulizo. Pimbi mnamjua. Kimo chake hakimfikii paka, mkia wa kuringia hana, na sauti yake ni kama mlango uliokosa mafuta. Karibu na mawe yake watu walikuwa wamesimamisha mnara wa simu, na kila baada ya siku chache mafundi walipanda kuukagua. Pimbi alizoea kukaa juu ya jiwe na kuwatazama wakila chakula cha mchana. Kwa hiyo alijua mambo ya simu ambayo wenzake hawakuyajua. Alijua kwamba fundi akisahau jina la wimbo, huisogeza simu mdomoni, akauimba kwa pua, midomo imefumbwa, mmm mmm mmm, na simu ikamwambia wimbo unaitwaje.

Siku moja fundi mmoja alishuka dimbwini kunawa miguu, huku akiiimbia simu yake. Kiboko akaibuka: buuuf. Fundi akatoka mbio, viatu mkononi, na simu ikabaki kwenye majani. Ilikuwa simu ya kazi, ngumu kama jiwe, ina kipande cha sola mgongoni, chaji haiishi. Kiboko akaisogelea.

"Imba wimbo wako," simu ikasema kwa sauti ya dada mpole, "nikutafutie jina lake."

Kiboko hakuimba. Alikaa akafikiri, na Kiboko akikaa kufikiri, ujue kuna mtu atakosa kitu.

Kesho yake wanyama walipokuja kunywa waliikuta simu juu ya kisiki, ukingoni, na Kiboko amelijaza dimbwi lote.

"Anayetaka maji aimbe kwanza," alisema. "Simu itaamua."

Swala akatangulia. Alikuwa na wimbo aliousikia kwenye mashamba ya kunde, wanawake wakipalilia. Akafumba mdomo akaimba: tili tili ti, tili tili ti.

"Nimeupata," simu ikasema. "Ni wimbo wa kupalilia."

"Umesikia," Kiboko akasema. "Wimbo huo umo ndani ya simu yangu. Kilichomo ndani ya simu yangu ni changu. Umeniibia wimbo, na mwizi simpi maji. Rudi."

Swala akarudi.

Nungunungu akaja. Yeye wimbo wake aliurithi kwa bibi yake, na bibi yake hakuwahi kutoka shimoni. Akaimba: kacha kacha mm, kacha kacha mm.

"Sijautambua wimbo huo," simu ikasema.

"Umesikia," Kiboko akasema. "Simu inajua nyimbo zote, na huo haiujui. Basi huo si wimbo, ni kelele. Mpiga kelele simpi maji. Rudi."

Nungunungu akarudi. Nyani akaja, akaimba wa walevi wa kijijini, akaitwa mwizi. Kanga akaja, akaimba wa kwao, akaambiwa ni kelele. Pimbi alikuwa nyuma kabisa ya foleni. Aliposikia wanne hao alielewa. Ukijulikana, mwizi. Usipojulikana, mpiga kelele. Maji yanabaki ya Kiboko. Hakungoja zamu yake, akageuka akapanda kilima.

Juu kule aliwakuta wanawe wakilamba mawe, wakitafuta umande. Umande ulikuwa umekauka tangu asubuhi. Pimbi akatafuna majani ili awatemee mate, na mate hayakutoka. Nafuu aliuliza maji yako wapi. Tulizo hakuuliza kitu, alikuwa amelala ubavu saa ambayo kwa kawaida hucheza. Pimbi akamtazama Tulizo kwa muda mrefu, kisha akashuka tena.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Imba."

"Mimi sikuja kunywa, mzee. Nimekuja kusikiliza wa kwako."

"Wa kwangu nini?"

"Wimbo. Kila mtu ameimba hapa tangu asubuhi. Nikajiuliza, mwenye simu naye anaimba upi?"

Wanyama waliokuwa wamejilaza ukingoni wakainua vichwa. Kiboko aliwaona wakiinua vichwa. Akasogea kwenye kisiki, akafumba mdomo wake mpana, akaimba wimbo anaouimba akishiba: mmm-ngu, mmm-ngu, mmm-ngu.

"Sijautambua wimbo huo," simu ikasema.

Hakuna aliyecheka. Nyani alijishika mdomo kwa mikono miwili, lakini hakucheka. Kiboko akaimba tena, kwa nguvu, maji yakatetemeka. MMM-NGU, MMM-NGU.

"Sijautambua wimbo huo. Jaribu tena."

Sasa masikio ya Kiboko yalianza kuzunguka, na masikio ya Kiboko yakizunguka ni bora uwe mbali. Pimbi alikuwa karibu. Akasema polepole, kama mtu anayetoa pole msibani.

"Kosa si lako, mzee. Simu haimjui mtu anayeimba peke yake. Mimi nimekaa na mafundi, nimewaona. Simu hujua wimbo uliokwisha kupita kwenye vinywa vingi. Wa kwako umepita kwenye kinywa kimoja."

"Ni kinywa kikubwa," Kiboko akasema.

"Kikubwa sana. Lakini kimoja."

Kiboko aliitazama simu, akawatazama wanyama. "Na vinywa vingi vinapatikana wapi?"

"Hao hapo ukingoni. Wape wimbo, nami nitawafundisha, tuwe kwaya. Shida ni moja tu. Wamekauka koo. Hawa wakiimba sasa hivi utasikia vumbi."

Kiboko alifikiri. Hakupenda. Lakini alipenda zaidi kusikia sauti ya dada yule mpole ikisema imempata. "Funda moja kila mmoja," akasema.

Wakanywa funda moja moja. Wakaimba: mmm, mmm. Ile "ngu" haikutoka.

"Wamekosa ngu," Kiboko akasema.

"Ngu inatoka tumboni, mzee," Pimbi akasema. "Funda moja linaishia kooni."

"Basi wanywe mpaka tumboni."

Wakanywa mpaka tumboni. Gubu gubu gubu. Swala alikunywa mpaka akapiga kwikwi. Nafuu na Tulizo waliletwa wakaambiwa ni sauti ya kwanza, na sauti ya kwanza ndiyo inayohitaji maji kuliko zote. Kisha kwaya ikaimba, na safari hii ngu ilitoka. Kiboko akafumba macho, akasikiliza.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi maji, kisha mazoezi. Jioni maji, kisha mazoezi. Pimbi alisimama juu ya kisiki na kijiti mkononi. Na baada ya kila zoezi Kiboko aliiimbia simu, na simu ikasema, "Sijautambua wimbo huo."

Pimbi alijua kwamba uvumilivu wa Kiboko si kama dimbwi la Kiboko, una kina kifupi. Kwa hiyo tangu siku ya pili alianza kazi nyingine, ambayo hakumwambia mtu. Mmoja wa mafundi wa mnara alikuwa anakaribia kuoa, na kila alipopanda aliimba kwa pua wimbo mmoja uleule, na kila mara simu iliutambua. Pimbi aliujua wote, kuanzia kichwa hadi mkia. Akaanza kuupenyeza kidogo kidogo. Siku ya pili alisema, "Ile ngu ya mwisho tuipandishe." Siku ya tatu akasema, "Hapa katikati tuvute pumzi." Siku ya nne, "Hii tuirudie mara mbili, inapendeza." Kwaya ikafuata. Kiboko naye akafuata kwaya, kwa sababu alikuwa akiimba nao, na kila asubuhi aliamini hivyo ndivyo alivyouimba tangu utotoni.

Siku ya saba Kiboko alimwita Pimbi pembeni.

"Maji yameshuka," alisema. "Mgongo wangu unachungulia nje. Kesho asubuhi ni mara ya mwisho. Simu ikinijua, kazi imekwisha, mtarudi mlikotoka. Isiponijua, kazi imekwisha vilevile, mtarudi mlikotoka, ila wewe utabaki hapa nikukalie."

"Nimesikia, mzee," Pimbi akasema.

Akaanza kupanda kilima. Nungunungu, aliyekuwa akimsindikiza, akamuuliza atafanyaje.

"Mwambie Swala na wengine wawahi," Pimbi akajibu. "Na wachote tope laini, lile jeusi, walifunike kwa majani lisikauke."

"Tope la nini?"

"La bwana harusi."

Nungunungu aliona woga umemharibu akili, akaondoka akimwonea huruma. Lakini tope akalichota.

Asubuhi jua halijapanda, kwaya ilisimama ukingoni. Kiboko akasogea kwenye kisiki. Akafumba mdomo. Akaimba kwa pua, na kwaya ikamshika chini kwa chini, na hakuna hata mmoja aliyekosea: mmm-ngu, la-mmm, la-mmm-ngu-ngu.

Simu ikakaa kimya. Pimbi alihesabu pumzi zake. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Nimeupata," simu ikasema. "Wimbo huu unaitwa *Bwana Harusi Anatoka Kwao*."

Kiboko midomo ilimlegea, na kama viboko wangekuwa na machozi ya furaha, ningewaambia yalimtoka. "Imenijua," akasema kwa sauti ndogo. "Imesema bwana harusi."

"Imesema," Pimbi akaitikia. "Na imesema anatoka kwao. Mzee, mbona umekaa? Utamweka mwenzio mpaka lini?"

"Mwenzangu nani?"

"Bibi harusi."

Kiboko akageuza kichwa taratibu. "Yuko wapi?"

Hapo Pimbi alikwama. Siku saba alihangaika na bwana harusi, bibi harusi hakumpangia. Akatazama huku na huku, akaona mchanga wa mto unavyoteremka. "Chini," akasema. "Bwawa la Mabogini, wanakokaa viboko wenzako. Anakusubiri."

"Anaitwaje?"

"Jina la bibi harusi halitajwi mpaka umfikie."

Kiboko aliliona hilo kuwa la heshima. Akatoka dimbwini, bwaa, na maji aliyoyaacha yakatulia. Wanyama wakampaka tope mgongoni na mashavuni, kama watu wanavyompaka mtu liwa siku ya harusi, ili jua lisimchome. Akaishika simu kwa meno, maana hakuweza kuiacha. Kanga wakapiga vigelegele, nao vigelegele ndiyo lugha yao. Msafara ukaondoka, Kiboko mbele, kwaya nyuma: mmm-ngu, la-mmm, la-mmm-ngu-ngu.

Walimsindikiza kona ya kwanza. Wakamsindikiza kona ya pili. Kona ya tatu Pimbi akasimama.

"Sisi upande wako tunaishia hapa, mzee. Huko mbele ni kwao."

Kiboko akaitikia kwa kichwa, na simu mdomoni. Mnara ulikuwa umebaki mbali, na simu ikasema kutoka katikati ya meno yake, "Hakuna mtandao."

"Ahsante," Kiboko akajibu, akaenda zake.

Pimbi aliketi mchangani. Ilimbidi aketi kwanza. Wengine walikuwa wamekwisha kukimbia kurudi dimbwini, na alipofika aliwakuta Nafuu na Tulizo wamesimama ndani ya maji, matumbo yamewavimba, wakirushiana matone. Hawakumwona. Akaingia akanywa, bila kuimba. Dimbwi lile liliwafikisha mpaka mvua.

Jambo moja tu liliwabakia. Wimbo ule haukutoka vichwani mwao. Swala akila, mmm-ngu. Nungunungu akichimba, mmm-ngu. Pimbi mwenyewe aliwabembeleza wanawe kwa huohuo, akakasirika, akaanza mwingine, akajikuta amerudi kwenye ule.

Na Kiboko? Nasikia alifika Mabogini saa sita mchana, tope limemkauka na kupasuka mwilini, akaingia majini akitangaza kwamba bwana harusi amefika. Viboko wakatazamana. Kulikuwa na mjane mmoja aitwaye Bi Matumbawe, ambaye kwa miaka mitatu hakuna aliyemsemesha zaidi ya kumwambia asogee. Akamuuliza yule mgeni ni nani aliyemtuma. Kiboko akasema ametumwa na simu. Bi Matumbawe akaiangalia simu, akamwangalia Kiboko, akasema, "Umechelewa. Njoo kivulini." Wakaoana. Simu Bi Matumbawe aliizika kwenye tope, kwa sababu, alisema, nyumba moja haihitaji sauti mbili za kike. Wanaishi vizuri. Kiboko anagawa maji siku hizi, maana akikataa anaambiwa asogee.

Sasa mnataka funzo. Funzo ni hili: msimdanganye mtu mkubwa mwenye roho mbaya, ni dhambi, na mwishowe mtampatia mke. Na simu ikisema wewe ni bwana harusi, nenda. Haikosei.

Nilichokuwa nacho nimekitoa. Aliyekipenda akibebe, asiyekipenda akiache hapohapo, atakayepita atakiokota. Masikio?

Yamejaa.

Basi yafungeni, mkalale.