Mikate Yenye Vidole

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa mkate wa moto, kila aliyeketi apate kipande.

Ngano hii aliyetusimulia kwanza ni Sista Filomena, aliyetufundisha kushona parokiani. Kwao ni Italia, upande wa kusini.

Hapo kale palikuwa na mji mdogo juu ya kilima, jina lake Rokaspina. Nyumba nyingi, tanuri moja. Tanuri lilikuwa la bwana mkubwa, na msimamizi wake Don Gaspare. Kila mama alikanda donge kwake, akalipiga muhuri wa mti aliorithi kwa mamaye, akalipeleka tanurini. Mikate ikiiva, kila mtu huchukua wenye alama yake.

Siku moja Gaspare akaikusanya mihuri yote, akaitia motoni. Akatangaza kwamba mkate usio na alama ni wa bwana mkubwa. Majirani wakanong'ona: mwenye nguvu mpishe.

Basi palikuwa na mjane kijana, Asunta, na mtoto wake Nunsia, bado ananyonya. Mama asipokula, wenzangu, maziwa yatatoka wapi?

Asunta akapeleka mkate mtupu. Gaspare akauchukua. Akapeleka wa pili, ameuchora msalaba kwa kisu. Gaspare akadai kwamba hata yeye ana kisu, na msalaba ule ni wake. Akauchukua. Asunta akarudi nyumbani, tumbo linanguruma, mtoto analia.

Mara ya tatu akamwosha Nunsia mguu, akaukandamiza kwenye donge. Vidole vitano, vinono kama maharage. Akalipeleka tanurini. Mkate ukaiva, watu wamejaa mlangoni.

"Na huu ni wangu," akasema Gaspare.

"Sawa, Don Gaspare," akajibu Asunta taratibu. "Vua kiatu, tupime."

Mnajua kicheko cha watu wenye njaa? Walicheka mpaka wakashika kuta. Gaspare akautazama mguu wake, mkubwa kama jembe. Akautazama mkate. Kiatu hakuvua. Asunta akaenda na mkate wake, akala akashiba, mtoto akanyonya, akalala.

Kesho yake asubuhi Asunta akakanda tena, akambeba Nunsia hadi tanurini. Akakuta foleni ya kina mama, kila mtoto ana mguu mweupe kwa unga. Mwisho wa foleni alikuwa bibi Katerina, asiye na mjukuu, amekumbatia mbuzi. Asunta akasalimu, akasimama nyuma ya mbuzi.

Ngano yangu imeiva. Mwenye meno atafune, asiye nayo achovye kwenye chai.