Pimbi na Shule ya Nyasi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Simu ya nani inalia?"

"Hailii ya mtu!"

"Basi na ibaki hivyo. Wee Mwanaidi, meza kwanza hiyo kashata. Sitaki kru kru nikisimulia."

Hapo kale, si kale sana, Pimbi alitaka kujifunza kutengeneza programu za simu. Wanyama walikuwa na simu za aina mbili, za nchi kavu na za majini, na programu ya hizi ilikataa kwenye zile. Pimbi akaenda kwa Fundi Kiboko.

"Shikamoo, Fundi. Nianze na zipi?"

"Marahaba. Anza na nyasi."

Pimbi akafyeka nyasi, fyu fyu fyu! Kiboko akala, nyafu nyafu nyafu! Jioni Pimbi akauliza tena, "Fundi, nianze na zipi?"

"Za nchi kavu. Ukimaliza, unaanza upya na za majini. Lakini kesho, nyasi."

Kesho yake, fyu fyu fyu! Nyafu nyafu nyafu! Masomo yakaongezwa, nyasi zikaongezwa. Na mila yao ilikuwa hii: mwanagenzi haondoki mpaka fundi mwenyewe atamke mbele ya watu, "Hii ni kazi ya fulani." Kiboko hakuwahi kutamka. Swala aliingia pale kijana, sasa ana mvi na bado anafyeka. Pimbi kila akimtazama, anajiona yeye mwenyewe.

Akaenda mtoni kumlilia Chura.

"Mwenzangu, nitazeekea kwenye nyasi!"

"Nani kakutuma ushike njia mbili?" Chura akamwambia. "Siku hizi wenzio wanaandika mara moja, programu inakubali kwenye simu zote. Chagua kitu kimoja kidogo, ukitengeneze. Ukikwama, uliza. Njia ndiyo hiyo."

Pimbi akaanza kutengeneza programu ya kengele ya kuita watu gulioni. Ikamkatalia, akauliza. Ikamkatalia, akauliza. Mwisho ikakubali. Kiboko akaiona, macho yakamtoka.

"Lete hapa! Nitasema ni yangu."

"Ni yako, Fundi," Pimbi akasema, mpole kweli kweli. "Mimi ni nani hata nikatae?"

Siku ya gulio Kiboko akasimama mbele ya wanyama wote, kifua mbele.

"Nimeitengeneza mimi, peke yangu!"

Akabonyeza. Ngriii! Simu za nchi kavu zikalia. Ngriii! Za majini nazo zikalia. Vigelegele! Kisha simu zote zikasema kwa pamoja:

"Njooni gulioni! Kiboko hajui kitu, anajua nyasi tu!"

Wanyama wakaangua kicheko. Nyumbu, mzee wa gulio, akauliza, "Fundi, mbona unajitukana mwenyewe?"

"Si mimi! Ni huyu Pimbi!"

"Ameandika hayo maneno tu?"

"Yote! Mwanzo mpaka mwisho! Hii ni kazi ya Pimbi!"

"Haya, mmesikia wote," akasema Nyumbu. "Pimbi amefuzu."

"Asante, Fundi," akasema Pimbi. Akaweka panga chini, akaenda zake.

Funzo, wanangu: mtiini fundi, fyekeni nyasi, na msiguse kitu mpaka mmalize masomo yote. Mnacheka nini? Nimeambiwa niwafunze adabu, nimewafunza.

Hadithi yangu imekatikia hapo. Aliyeielewa akalale, asiyeielewa akaoshe vyombo.