Malori Manne ya Udongo

Chumba kipya cha Mama Kupaza kilimzibia Bwana Shelukindo, tajiri wa mlimani juu yake, asilione bonde. Tajiri akaleta afisa wa ujenzi. Kwa kuwa kiwanja kilikuwa mteremko, afisa alipima kimo cha ukuta kuanzia upande wa chini, unapogusa ardhi.

"Mita tano. Mwisho ni nne. Jumatatu narudi, ikizidi, tunabomoa."

Shelukindo alicheka mpaka kitambi kikatikisika. Jioni Mama Kupaza alimjia akilia.

"Baba, kubomolewa nimekubali. Lakini huo udongo unaochimba kwenye shimo lako la maji, nakusihi, usinimwagie pale chini ya ukuta!"

"Nikimwaga?"

"Nitakufa kwa uchungu, baba!"

Kesho yake malori manne yakamwaga palepale, na vibarua wakashindilia, Shelukindo akiwahimiza huku ameshika mwavuli.

Jumatatu afisa akanyoosha futikamba kutoka ardhini hadi juu.

"Mita tatu na nusu. Ruksa."

"Lakini huo ni udongo wangu!" Shelukindo alifoka.

"Ardhi ni ardhi, mzee."

Mama Kupaza akamletea tajiri kikombe cha chai.

"Ahsante kwa malori, baba. Hiyo nusu mita iliyobaki, nitapandisha paa."