Ukoko wa Maganga

Haya, sogeeni. Anayetaka kusinzia akasinzie kwao, maana mwishoni nitauliza, na sitaki mtu aniambie "hebu rudia kidogo". Mara iliyopita mliamua ovyo ovyo nikarudi nyumbani na hasira. Leo mtanisikiliza.

Alikuwepo Tabora mama mmoja, Bi Kalunde. Alizaa watatu. Wa kwanza binti, Nyamizi, na kipaji chake kilikuwa macho: hakuna jambo dogo lililompita. Wa pili Maganga, huyo ndiye marehemu wetu. Wa mwisho Mihayo, mtoto wa chuo, kipaji chake hesabu na kompyuta. Maganga alikuwa na mke, Siwema, na kipaji cha Siwema kilikuwa uvumilivu. Msicheke! Uvumilivu ni kipaji, na wengi wenu hapa hamnacho.

Maganga alikufa kwa ajali ya gari, akamwacha Siwema mjamzito. Msiba haujapoa, homa ikampanda Bi Kalunde kichwani, akalazwa, akapona. Alirudi mzima kwa kila kitu isipokuwa kimoja: alimsahau Maganga. Si kifo chake tu, jamani. Alimsahau yeye mwenyewe, kana kwamba hakuwahi kumzaa.

Siwema akajifungua mtoto wa kiume. Katika ukoo ule jina hutoka kwa bibi mzaa baba. Asipolitoa yeye, au asipomteua wa kulitoa, mtoto hana jina na hahesabiwi wa pale. Siwema akampeleka mtoto, akamlaza mapajani mwa mama mkwe. Bi Kalunde akamtazama, akamrudisha.

"Mzuri, hongera mwanangu. Lakini mbona unashinda hapa kwetu? Kwani kwenu wapi?"

Siwema akamchukua mwanawe akaenda kulia jikoni.

Hapo ndipo Mihayo alipoanza kazi. Akajenga ndani ya kompyuta ubongo wa kuigiza: vijinukta vingi, na kati ya kijinukta na kijinukta, njia. Katika kichwa cha kweli, pale seli moja inapoipasha nyingine habari, wataalamu wanapaita sinapsi. Njia ikipitwa mara kwa mara hunenepa, isipopitwa hukonda. Akazikondesha baadhi ya njia, kama homa ilivyomfanyia mama yake, kisha akajaribu kuzirudishia nguvu. Akakosea, akajaribu, akakosea tena. Mwishowe akaona siri iko kwenye mpangilio. Kitangulie kile ambacho bado kina nguvu, kilichopotea kifuate papo hapo, njia hunenepa. Ukigeuza, ukatanguliza kilichopotea, njia huzidi kukonda.

Akashika kichwa. "Dada, sisi ndio tunaomfuta! Kila siku tunaanza na jina, 'Mama, unamkumbuka Maganga?', halafu ndiyo tunatoa picha. Tunageuza!"

"Sasa tutangulize nini?" akauliza Nyamizi.

Kompyuta haikujua. Ingejulia wapi mambo ya jikoni?

Nyamizi alijua. Kila mchana mama yao akishapakua wali hukwangua ukoko, akauweka kwenye kisahani, akasimama nao katikati ya jiko. Anatazama mlangoni. Anatazama kisahani. Kisha anawamwagia kuku. Majirani walisema ndio ugonjwa wenyewe. Lakini Nyamizi alikumbuka ukoko ule ulikuwa wa nani: wa Maganga tangu utotoni, akigombania na Mihayo kisahani kimoja. Mkono wa mama ulikuwa bado unamwekea mwanawe chakula.

Ikabaki kazi ya Siwema. Kila mchana alikaa kizingitini, mtoto mgongoni. Mwiko ukishakwangua tu, anasema, "Wa Maganga huo, mama." Asiwahi, asichelewe.

"Maganga ndiye nani?" Bi Kalunde humuuliza. "Na wewe binti, huchoki kushinda kwa watu?"

Kesho yake Siwema anarudi. Yeye mwenyewe alikuwa anajitahidi kumsahau marehemu, walau apate usingizi. Lakini ubongo ni ubongo. Kila alipolitaja jina lile, njia iliyokuwa kichwani mwake ilinenepa pia. Akaanza kumsikia mumewe akikohoa uani.

Sasa tulieni, maana hapa pananiuma. Kompyuta ilimwonyesha Mihayo jambo jingine. Nguvu zilizobaki hazikuwa nyingi, kwa hiyo njia moja ikinenepa, ya jirani hukonda. Na jirani wa Maganga kwenye kisahani kile alikuwa nani? Si Mihayo mwenyewe! Akaona, akafunga kompyuta, akamwambia Siwema, "Endelea, shemeji." Hakusema zaidi ya hapo.

Mchana mmoja mwiko ukakwangua, na kabla Siwema hajafungua kinywa, Bi Kalunde akasema, "Huu wa Maganga." Akatazama mlangoni. "Maganga wangu. Yuko wapi, mbona haji kula?"

Mihayo akatazama chini. Nyamizi ndiye aliyemshika mama mikono yote miwili. "Mama, Maganga alifariki. Tulishamzika."

Akalia, mama wa watu, kilio cha siku ya kwanza ya msiba, peke yake, wakati wenzake walishakimaliza. Kisha akanyoosha mikono. "Nipeni mtoto wa Maganga." Akampakata, akamnusa kichwani. "Aliyenirudishia mwanangu," akasema, "ndiye atakayempa huyu jina."

Lakini tangu siku ile, akimwona Nyamizi mlangoni, huanza kulia upya, kwa kuwa uso ule na habari ile viliingia pamoja. Nyamizi sasa humsalimia mama yake akiwa nyuma ya pazia. Siwema halali. Na Mihayo alipokuja na kompyuta yake kwapani, mama alimpokea kwa heshima zote.

"Karibu ndani, baba. Umetoka mbali?"

"Mbali sana, mama," akajibu Mihayo, akakaa kwenye kiti cha wageni.

Wakakutana uani, watatu, mama asiwasikie.

"Aitwe Maganga," akasema Mihayo. "Jina lisipotajwa hapa kila siku, njia itakonda, na mama atampoteza tena."

"Shemeji, nionee huruma," akasema Siwema. "Wa kuliita ni mimi, asubuhi na jioni, mpaka lini? Mwanangu apewe jina jipya, lisilo na kaburi."

"Mimi nasema aitwe Mihayo," akasema Nyamizi. "Mama akimwita mjukuu, huenda na mwanawe akamrudia."

"Mimi niko hai, dada. Nitajitambulisha kila nikija."

"Ndiyo sababu nalia, mdogo wangu," akasema Nyamizi.

Basi. Ndani, Bi Kalunde amempakata mjukuu asiye na jina, anasubiri aambiwe ni nani aliyemrudishia Maganga. Bila hesabu za Mihayo, wangekuwa bado wanamfuta. Bila macho ya Nyamizi, ukoko wangekula kuku. Bila Siwema, jina lisingefuata mwiko. Na jina la mtoto ni moja tu.

Haya, wewe uliyecheka niliposema uvumilivu, simama uanze wewe. Umeitwa ndani, mama amekutazama usoni. Utamwambia ni nani?