Mlinda Vyungu

"Mlinda vyungu hamwoni mwana akisimama," alisema Bibi Eliaichi, akimtazama mjukuu wake Tumsifu, aliyekuwa amemketisha mwanawe ndani ya beseni la kufulia ili asivute kitambaa cha meza.

Wasichana waliokuwa wakichambua mchele wakacheka. Vyungu gani, Bibi, na jikoni humu kuna sufuria tu? Wakataka kujua msemo huo umetoka wapi. Bibi akasogeza kigoda, akamwambia Tumsifu naye asikilize, maana ndiye aliyesemwa. Methali hii, akasema, ilianza hivi.

Zamani, chini ya milima ya Upare, kulikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Chungu chao hakikuuzwa. Kilibadilishwa kwa mahindi yaliyokijaza. Aliyefinyanga kikubwa alikula vizuri, na aliyevunja alilala njaa. Katika kijiji hicho aliolewa Nanzia, binti wa watu wa mbali waliochota maji kwa vibuyu. Ufinyanzi alijifunza ukubwani, kwa mama mkwe wake Nakijwa, na ingawa mikono yake ilikuwa hodari, moyo wake haukutulia. Kila chungu kilichopasuka alidhani kimepasuka ili watu wamcheke.

Nanzia akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Mbonea. Alipofikia umri wa kuketishwa akayumba, Nakijwa alimfanyia kama walivyofanyiwa watoto wote wa pale. Alichukua mtungi uliovunjika shingo, akausugua ukingo mpaka ukawa laini, akaufukia nusu uani, akatandika matambara ndani, kisha akamketisha mjukuu wake. Mtungi ulimshika mbavu asianguke, na mikono ikabaki nje kuchezea bonge la udongo. Hakuna mtoto wa mfinyanzi ambaye hakujifunza kukaa humo. Desturi ilikuwa kwamba mtoto akishaweza kukaa mwenyewe, mtungi unafukuliwa.

Lakini kabla ya siku hiyo kufika, Nakijwa aliitwa kwenda kumlea bintiye aliyejifungua upande wa pili wa mlima, akakaa huko msimu mzima. Nanzia akabaki na udongo wake. Mvua zilikuwa zikikaribia, na mvua ikishaanza hakuna kuchoma vyungu mpaka kiangazi kingine. Alifinyanga tangu alfajiri, ua ukajaa vyungu vibichi vilivyoanikwa kivulini, vimesongamana hata paka alipita kwa kujikunja. Mbonea akitolewa mtungini alivinyooshea mikono, basi akarudishwa. Akilia, akapewa bonge jingine la udongo, akanyamaza. Alikuwa mtoto mtulivu, na nani asiyependa mtoto mtulivu?

Watoto wa rika lake wakaanza kutambaa. Wakaanza kushika kuta na kusimama. Mbonea aliketi tu, wima, kama mzee wa baraza anayesubiri kesi. Majirani, ambao midomo yao ilikuwa mikali bila kuchomwa tanuruni, wakaanza kunong'ona kisimani kwamba mtoto wa Nanzia ana miguu ya matambara. Nanzia akasikia. Hofu ikamwingia, ile ambayo mama hamwambii mtu. Kila jioni aliisugua miguu ya mwanawe kwa mafuta ya mbarika huku machozi yakimtoka, na kila asubuhi alimrudisha mtungini, kwa kuwa vyungu havijakauka. Maskini, hakuona kwamba hayo mawili yanahusiana.

Nakijwa aliporudi, hata mzigo alikuwa hajautua, mkwewe akamwangukia.

"Mama, mwanangu ni kiwete."

Nakijwa alimtoa mtoto mtungini, akampakata, akaweka kiganja chake kwenye unyayo wake. Mbonea akausukuma. Nakijwa akaweka tena, naye mtoto akasukuma kwa nguvu zaidi, akicheka.

"Kiwete gani huyu anayempiga bibi yake mateke?"

"Mbona hatambai, basi?"

"Atambae wapi, mwanangu? Ua wote umevipa vyungu, yeye umemwachia mtungi."

"Mtungini ulimweka wewe mwenyewe, mama."

"Nilimweka ajifunze kukaa. Sikumweka aishi."

Nanzia akainamisha kichwa. "Na akivivunja? Tutakula nini mvua ikinyesha?"

Nakijwa akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake. "Hilo siwezi kukujibia. Vyungu ni vyako, na mwana ni wako."

Nanzia akautazama mtungi. Kisha akachukua jembe, akaufukua mwenyewe.

Siku za kwanza zilikuwa za kilio. Mbonea, aliyezoea kushikwa mbavu, aliogopa uwanja. Nakijwa alimwekea kibuyu cha njugu mbele kidogo, mbali na mkono wake. Mtoto alikiinamia, akaanguka kifudifudi, akala vumbi. Nanzia akataka kumkimbilia, Nakijwa akamshika mkono. Kesho yake Mbonea alijisukuma kwa viganja akainua kifua. Baadaye akapata magoti, akawa anajitikisa mbele na nyuma pasipo kwenda popote. Na alipokwenda, alikwenda kinyumenyume! Alikitaka kibuyu, miguu ikampeleka jikoni, akalia kwa hasira, na Nanzia akacheka kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze. Haikuchukua muda akapata kwenda mbele, na hapo hapakukalika tena. Vyungu vidogo vikahamishiwa ndani, juu ya uchaga.

Kimoja hakikuhamishika. Kilikuwa jungu kubwa kuliko yote aliyowahi kufinyanga Nanzia, bichi bado, limesimama katikati ya ua. Mahindi ya kulijaza yangewavusha masika yote, na majirani waliokuwa wakimcheka walikuja kulitazama wakanyamaza.

Asubuhi moja Nanzia alikuwa akikanda udongo upande wa pili wa ua alipomwona Mbonea amefika penye jungu. Mtoto alipiga magoti, akashika ukingo kwa mikono miwili. Mguu mmoja ukakanyaga. Jungu likainama.

Nanzia alikuwa ameshainuka. Angepaza sauti, mtoto angeshtuka akakaa, na jungu lingepona. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Lakini aliiona ile miguu aliyoilia kila jioni ikitetemeka, ikitafuta ardhi, akaufumba mdomo wake kwa mkono uliojaa udongo.

Mguu wa pili ukakanyaga. Mbonea akasimama. Ukingo ukamegeka, ubavu ukabonyea, jungu zima likajikunja chini taratibu, naye akabaki wima peke yake, kipande cha udongo mkononi, akishangaa. Kisha akakaa kwa matako na kutafuta uso wa mama yake aone kama ni jambo la kulia.

Nanzia akapiga vigelegele. Alipiga mpaka majirani wakaja mbio, wakidhani kuna harusi. Walipoona jungu limelala, mmoja akashika kichwa.

"Nanzia, jungu lako limevunjika na wewe unashangilia?"

"Udongo nitaukanda tena," alisema Nanzia, mtoto akiwa kifuani, wote wawili wamepakaa tope. "Kama ningelilinda, nisingemwona mwanangu akisimama."

Masika yale walikula kwa kubana, ndiyo, na Bibi Eliaichi hakulificha hilo. Lakini maneno ya Nanzia yalichukuliwa na wale wale waliokuwa wakinong'ona kisimani, yakafupishwa, yakapelekwa vijiji vya jirani pamoja na vyungu.

Hadithi ikaishia hapo. Beseni likagongagonga sakafu. Mtoto wa Tumsifu alikuwa ameshika ukingo na kujaribu kuinuka. Tumsifu akamtoa, akamweka chini, na mtoto akaishika njia ya mezani bila kupoteza muda.

"Bibi, chupa ya chai!" akapiga kelele msichana mmoja.

"Basi iondoe chupa," alisema Bibi Eliaichi. "Kitambaa kiache, kitafuliwa. Mlinda vyungu hamwoni mwana akisimama."