Mize Alivyomtunza Mwimbaji wa Roki

Kama unamjua mtu anayejifunza lugha ya ugenini na anaogopa kuisema, mtumie hii leo. Ni fupi na haizunguki.

Binti mmoja wa Pangani, jina lake Mize, alikwenda Urusi kusomea udaktari. Kule mgeni haingii udaktari hivi hivi. Mwaka wa kwanza mzima anafundishwa Kirusi tu, kisha anakalishwa mbele ya watahini aongee. Akishindwa kuongea, anapanda ndege kurudi kwao. Hakuna kubembelezana.

Kuandika Mize alijua. Kusoma alijua. Mdomo ndio uliofungwa. Siku za mwanzo alikosea neno dukani, watu kwenye foleni wakacheka, na tangu hapo akajiwekea sharti: hasemi sentensi mpaka iwe imenyooka kichwani. Sasa mpaka ainyooshe, muuzaji ameshamhudumia mwingine, na Mize anarudi bwenini bila mkate.

Mtihani ulipokaribia, mwalimu wake alimwita. Alikuwa mama wa makamo, Galina Petrovna, mtu asiyejua kupaka maneno sukari.

"Mize, ukikaa kimya hivi mbele ya watahini, unarudi kwenu. Sikufichi."

Mize akainamisha kichwa.

"Jumamosi kuna onyesho la muziki wa roki. Nenda."

"Mtihani," Mize alinong'ona. Neno moja tu, na hilo kwa shida.

"Ndiyo maana nakwambia uende. Na kamusi uiache chumbani."

Hakuiacha. Jumamosi ilipofika aliitia kwenye mkoba, na Chepkirui, Mkenya aliyekaa naye chumba kimoja, akamwona.

"Mize! Unaenda kuskia muziki ama unaenda kuwasahihishia?"

"Nitajuaje wanaimba nini?"

"Si utaskia! Kwani masikio umeyaacha Tanga?"

Onyesho lilikuwa kwenye ukumbi uliokuwa zamani kiwanda. Kule koti haliingii ukumbini, unalikabidhi mlangoni. Mize akakabidhi lake, pochi yake ikiwa mfukoni mwa koti, akabaki na mkoba wa kamusi na kanga mabegani, kanga aliyopewa na mama yake siku ya kuagana.

Ngoma zikaanza. Zilipiga kifuani, si masikioni. Watu wakaruka, wakakumbatiana na wasiowajua. Mize kasimama karibu na jukwaa, anafunua kurasa. Kila alipolipata neno, wimbo ulikuwa umeshafika ubeti mwingine. Akatafuta, akaachwa. Akatafuta tena, akaachwa tena. Machozi ya hasira yakamtoka.

"Mwaka mzima," alijiambia, "na wimbo mmoja unanishinda."

Akafunga kamusi, akaitia mkobani, akageuka akafuate koti lake.

Hapo magitaa yakatulia. Mwimbaji, mzee wa mvi mwenye jaketi la ngozi, akaanza wimbo wa polepole. Ulikuwa wa mama anayeacha taa dirishani kwa ajili ya mwanawe aliyeondoka na treni. Alipofika katikati akanyamaza, ukumbi mzima ukamwimbia. Mize alishika maneno machache: mama, dirisha, treni, kesho. Mengine yalimpita, na safari hii hakuyakimbilia. Alisimama tu, wimbo ukamwingia.

Sasa, wewe unajua kwetu mambo yalivyo. Taarabu ikikugusa, hukai. Unanyanyuka, unakwenda kwa madaha mpaka kwa mwimbaji, unamtunza. Una noti, unampa noti. Huna, unamvika kanga. Na kila aliyepo anaelewa kwamba wimbo ule umesema jambo lako.

Mize hakufikiri. Akaivua kanga mabegani, akaenda.

Watu wakampisha, wanashangaa. Binti wa Pangani, ndani ya buti zito la theluji, anakwenda kwa mwendo wa harusini! Akapanda jukwaani, akamzungushia mzee kanga shingoni. Mlinzi akamdaka mkono. Mzee akainua kiganja, vyombo vikanyamaza, ukumbi ukawa kimya. Akamsogezea Mize kipaza sauti.

"Binti, hii ni nini?"

Yule aliyeshindwa kuomba mkate, sasa anatazamwa na ukumbi mzima wa Warusi. Nafasi ya kunyoosha sentensi haipo.

"Kwetu," alisema. "Kwetu wimbo kushika moyo, mtu hapana kaa. Anakuja. Anapa nguo. Mama yangu... yeye pia dirisha. Yeye pia taa. Mimi mbali."

"Maneno yangu umeyaelewa?"

"Kidogo."

"Na unalia?"

"Maneno kidogo. Kulia nyingi."

Hakuna aliyecheka. Mzee alishika pindo la kanga akajifuta macho. Kisha mama mmoja aliyesimama mbele akavua skafu yake, akapanda jukwaani akijaribu mwendo wa Mize. Kiuno kikakataa katakata, alikwenda kama kabati linalohamishwa, lakini alifika, akamvika mzee. Akafuata baba mmoja mnene. Wakafuata vijana. Foleni ikaundika. Ubeti wa mwisho mzee aliuimba skafu zimemfika puani, sauti ikitoka kama ya mtu aliye ndani ya gunia, na watu wanacheka huku wanalia.

Siku ya mtihani ikafika. Watahini walikuwa watatu. Galina Petrovna alikaa pembeni, midomo ameibana. Mkuu wao, bwana mwembamba aliyeshika kalamu nyekundu, akasema:

"Tueleze siku moja uliyoifurahia hapa kwetu."

Mize akafungua mdomo. Sentensi ilikuwa haijanyooka. Akaitoa hivyo hivyo, imepinda.

Akawaeleza ngoma zinazopiga kifuani, na mzee aliyefunikwa skafu. Neno likikosekana, alitumia mikono. Alipofika kwa yule mama wa kiuno kigumu, alinyanyuka akawaonyesha. Mtahini mmoja alicheka mpaka akavua miwani. Alipofika kwenye taa ya dirishani, mtahini yule yule aliivua tena, na safari hii si kwa kucheka.

Mize akamaliza, akakaa. Mkuu akatazama karatasi yake.

"Umekosea sana," alisema.

"Najua, bwana."

"Basi nisaidie. Umekosea wapi? Maana nilikuwa nakusikiliza, nimesahau kuandika."

Karatasi ilikuwa nyeupe. Galina Petrovna akageukia ukutani, akatafuta leso. Mkuu akafunika kalamu yake.

"Nenda kasomee udaktari, binti. Wagonjwa wanahitaji mtu wa kuongea nao."

Funzo: Usingoje lugha inyooke ndipo uongee, sema na makosa yako. Mwenye moyo atakusikia, na anayekucheka mwache acheke, kwani si yeye uliyekwenda kuongea naye.