Kiboko Aliyetafuna Sheria Yake

Nirushe?
— Rusha tudake.
Ukipita juu?
— Tutaruka.
Ukipita chini?
— Tutainama.
Ukidondoka?
— Utauokota mwenyewe.

Basi dakeni.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na vyuo vyao na wasichana wao wakicheza mpira wa kikapu, palikuwa na timu ya nguchiro kutoka Chuo cha Kichuguuni. Nguchiro mnamjua: kamnyama kembamba, mkia kama ufito, ukimpiga kumbo moja anabingirika mpaka kwao. Lakini mpe mpira uone. Dundu, dundu, dundu, huyu kwa yule, yule kwa huyu, mmoja juu ya mgongo wa mwenzake, chwaa. Umeingia.

Mwaka wa kwanza wakachukua ubingwa. Wanyama wakasema, bahati. Mwaka wa pili wakachukua. Wanyama wakasema, wamependelewa. Mwaka wa tatu wakachukua, wa nne wakachukua, wa tano, wa sita, wa saba. Wanyama wakaishiwa maneno.

Asiyeishiwa maneno alikuwa Mzee Kiboko, Mwenyekiti wa Michezo. Tumbo lake lilifika mkutanoni kwanza, yeye akafuata. Na mzee huyu alikuwa na tamaa moja: uwanja wa wasichana. Ulikuwa tambarare, kando ya mto, wa udongo laini unaoshika maji. Wenzake wakiutazama waliona uwanja. Yeye aliona dimbwi la matope la kugaagaa peke yake.

Sasa shikeni mila mbili za huko. Ya kwanza: fainali ni bingwa na mpinzani mmoja, basi, bingwa asipocheza, hakuna fainali. Ya pili: uwanja ukikosa fainali mwaka mmoja, unarudi mikononi mwa Mwenyekiti afanye atakavyo. Mmeshaona mzee anakoelekea.

Akaitisha mkutano. Akaguna, mhuu, mhuu, mhuu.

"Wanangu, mimi sina ubaya na mtu. Lakini hawa nguchiro wanaua mchezo. Matokeo yanajulikana kabla ya filimbi. Nani atakuja kutazama?"

Nyumbu, ambao hukubali lolote likishasemwa kwa sauti nene, wakaitikia, "Wanaua mchezo, wanaua mchezo."

Akasimama Tatu, nahodha wa swala wa Chuo cha Mbugani. Yeye na wenzake ndio waliokuwa wapinzani mwaka ule.

"Mzee, mwaka wa kwanza walitufunga sitini kwa nne. Na hizo nne, mbili walijifunga wenyewe. Mwaka jana walitufunga arobaini na moja kwa thelathini na nane. Mwaka huu nimefanya mazoezi ya kuruka mpaka kwato zimeota sugu. Leo unataka kuniondolea mtu ninayetaka kumpiga?"

"Kaa chini, binti. Nakutetea wewe."

"Sikukuomba."

Kanga akadakia kutoka nyuma. "Na timu yenu ya madume, Mzee? Miaka ishirini mnachukua nyinyi tu. Nayo inaua mchezo?"

"Ile," akasema Kiboko, "ni historia."

Mkutano ukafungwa. Siwema, nahodha wa nguchiro, siku ile alikuwa anasikiliza tu, kichwa upande, kama nguchiro anavyosikiliza nyoka.

Mchana jua likiwa kali, Siwema akamfuata Kiboko mtoni. Kichwani amebeba kibao cha udongo mbichi wa kichuguu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Nimekuja kusaidia. Nimechoka kushinda, Mzee. Mabega yananiuma. Andika sheria yako, nami nitakuwa wa kwanza kuifuata."

Kiboko akacheka mpaka maji yakafanya mawimbi. "Huyo ndiye msichana mwenye malezi."

"Ila umemsikia kanga."

"Kanga ana domo."

"Ana domo, na ana dada arobaini. Ukiandika 'wasichana wakae kando', kesho wote arobaini wataimba kwamba Mzee anaonea watoto wa kike. Andika 'yeyote'. Wataimba vilevile, lakini watakuimba wewe: Kiboko Mwadilifu."

Visikio vya Kiboko vikazunguka, ziu, ziu. "Mwadilifu?"

"Mwadilifu."

"Hebu sema tena."

"Mwadilifu, Mzee."

Kiboko akafumba macho kwa utamu wa neno lile, akatamka sheria yake. Siwema akaichora kwa ukucha: Yeyote aliyeshinda mara tano mfululizo akae kando mwaka mzima, awapishe wengine. Kiboko akainua mguu, akapiga muhuri wa unyayo, pwaa. Na udongo wa kichuguu ukipigwa na jua haufutiki. Ilipofika jioni kibao kilikuwa jiwe.

Siku ya fainali ikafika. Yule aliyeuliza nani atakuja kutazama akajibiwa na miti: nyani walijaa matawini mpaka matawi yanalia, kwii, kwii. Nyumbu walikuwa wamekuja siku mbili kabla ili wapate nafasi ya mbele. Kanga alikuja na dada zake wote arobaini.

Kiboko akainua kibao, akakisoma. Nguchiro wakatoka mmoja mmoja, wakakaa pembeni. Tatu akabaki katikati na mpira mkononi, hana wa kumpiga, machozi yanamlenga.

"Hakuna bingwa, hakuna fainali," akasema Kiboko, na tayari alikuwa anaujaribu udongo kwa mguu, uko laini kiasi gani.

"Tumetii, Mzee," akasema Siwema. "Tunaomba tu Karani aipitishe sheria kwa wote, iwe halali."

Karani wa Michezo alikuwa Kobe. Kobe husoma polepole, lakini haruki neno. Akakiweka kibao mbele yake, akaanza.

"Nguchiro wa Kichuguuni. Mara saba. Wakae kando."

"Tumekaa."

"Viboko madume wa Mtoni. Mara ishirini. Wakae kando."

Madume wakatazamana. Mmoja akanong'ona, "Baba, anasema sisi?"

Kobe akalamba kidole, akaendelea. "Uenyekiti wa Michezo. Mzee Kiboko. Mara tisa, zote akigombea peke yake. Akae kando."

Hata mto ulipita kwa adabu. Kisha nyumbu, waliosikia sauti ya kuitikia na hawakusubiri maana, wakaitikia, "Akae kando, akae kando."

"Sheria hiyo haihusu wazee," akasema Kiboko.

"Imeandikwa 'yeyote', Mzee," akasema Siwema kwa upole. "Na unyayo ni wako. Hakuna mwingine hapa mwenye mguu wa namna hiyo."

Dada arobaini wa kanga wakaanza kuimba, taratibu kwanza, kisha kwa sauti: Kiboko Mwadilifu, kaa kando. Kiboko Mwadilifu, kaa kando.

Kiboko akatazama kushoto, akatazama kulia. Akatazama kiti chake. Akakinyakua kibao, akafungua lile domo lake lote, akakitupa ndani. Kraa. Kraa. Kraa. Ting, jino moja likaruka. Ting, la pili. Akameza, gubu, vumbi likamtoka puani.

"Theria gani?" akasema. "Mimi thioni theria yoyote."

"Haipo?" akauliza Siwema.

"Haipo."

"Na jana?"

"Haijawahi kuwapo."

"Wote mmemsikia Mwenyekiti?"

"Tumemthikia," wakajibu nyani kutoka juu, na matawi mawili yakakatika kwa kicheko.

"Basi sisi tumekaa hapa kwa sababu gani?"

Nguchiro wakasimama, wakajikung'uta. Kobe akapuliza filimbi, fyuuu. Tatu akafuta macho kwa bega, akaudunda mpira mara moja, na ungeuona uso wake usingedhani aliwahi kulia.

Dundu, dundu, dundu, huyu kwa yule, yule kwa huyu, chwaa. Swala nao, tapa, tapa, tapa, ruka, chwaa. Nguchiro mbele. Swala mbele. Nguchiro. Swala. Ikabaki pumzi tatu, swala wanaongoza hamsini na moja kwa hamsini. Huyu kwa yule, yule kwa Siwema. Siwema juu ya migongo miwili, akarusha. Tatu akaruka kama hajazaliwa na uzito, ncha ya kwato ikaugusa mpira. Mpira ukatua ukingoni mwa kikapu, ukazunguka, ukazunguka, ukafikiri.

Chwaa.

Mara ya nane.

Uwanja ukalipuka. Tatu akasimama akihema, kisha akamfuata Siwema moja kwa moja.

"We Siwema."

"Naam."

"Mwakani usiumwe. Usijikwae, usiolewe, usihamie chuo kingine. Nakutaka mzima."

"Nitakuwepo."

"Ukija mgonjwa nitakuuguza kwanza, ndipo nikupige."

Wakacheka, wakakumbatiana, wakaanza kubishana ni nani aliyemkanyaga nani.

Uwanja upo mpaka leo, mkavu, unadundwa. Mzee Kiboko, ulipofika uchaguzi, alikuta wagombea wenzake wanne. Tangu hapo hukaa majini mchana kutwa, kaacha pua na macho tu nje, asije akachekeshwa mapengo yakaonekana.

Na funzo, kwa kuwa ngano haiachwi iende bila funzo: watoto wa kike, msishinde sana. Shindeni kidogo, mara moja moja, kwa adabu, kisha mwombe radhi. Mkishinda sana mtaua mchezo, na wale wote waliojazana matawini watakuwa wamekuja mazishini. Isitoshe, mtamvunja mzee wa watu meno.

Nimerusha.
— Tumedaka.
Haukudondoka?
— Yamedondoka meno tu.